Mwanamke Aliyepona Gazetini

Wifi yangu Orpha Stroud alipona mara moja tu katika maisha yake, tena gazetini, na kupona huko ndiko kulikomuua. Nalisema hili mapema asije mtu akakaa anangojea muujiza. Mimi ni Zilpha, dada wa mumewe. Nilikula naye meza moja miaka kumi na mmoja hapa Corvin, Indiana, na sikumpenda sana. Hilo nalo nalisema mapema.

Alitoka Kansas, bibi harusi wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mweupe kama unga. Kaka yangu Delbert alimshusha garini akamwonyesha jiko, kisima, pipa la kufulia, na mimi. Jumatatu kufua, Jumanne pasi, Jumatano kushona, na kila siku kuku, ng'ombe wawili na nguruwe. Delbert mwenyewe alikuwa mtu wa biashara mpya kila mwaka. Aliuza vinanda, akauza mizinga ya nyuki, akauza mashine za kutotolea vifaranga ambazo zilichemsha mayai yakaiva. Kila biashara ilipokufa, Orpha aliongezewa kuku wa kufuga. Mimi nilikuwa sijaolewa, na chumba nilicholala kilikuwa cha Delbert, kwa hiyo nilimwona kaka yangu mjinga lakini sikumwambia.

Majira ya baridi ya mwaka 1897 Orpha alijifungua mtoto wa kiume aliyekwisha kufa tumboni. Baada ya hapo damu haikukatika vizuri. Akawa anasimama kwa kushika meza, anakaa kwa kushika ukuta, akiinua ndoo moyo unamwenda mbio mpaka unauona kwenye gauni. Tukamwita Daktari Lusk, daktari pekee tuliyekuwa naye. Nilikuwepo chumbani, nilisikia kwa masikio yangu haya.

"Bi Stroud, unahitaji kupumzika," alisema. "Usibebe maji. Mwezi wa nne ukifika nataka nikupime vizuri, kuna kitu hapa tumboni kinanitia wasiwasi. Kama ndicho ninachokidhania, yuko daktari wa upasuaji Indianapolis anayeweza kukitoa. Nitakupeleka mwenyewe."

Ndivyo alivyosema. Hakukata tamaa hata chembe.

Orpha aliogopa kisu, na nani asingeogopa? Delbert naye aliogopa gharama. Kesho yake akarudi na chupa kutoka duka la dawa la Bwana Keck. Dawa ya Damu ya Daktari Tolliver, ndiyo iliyokuwa ikivuma wakati ule. Karatasi yake ilisema inatibu damu nyepesi, neva zilizochoka, kizunguzungu, huzuni isiyo na sababu, na wanawake wanaolialia. Kijiko kikubwa mara tano kwa siku, na baada ya kila kijiko mgonjwa alale saa nzima kwenye chumba chenye giza.

Sasa fikirieni wenyewe. Mwanamke ambaye tangu aolewe hajawahi kulala mchana hata siku ya homa, leo analala mchana kwa amri ya chupa. Mimi ndiye niliyefua, niliyekamua, niliyewapa nguruwe mabaki, huku nikinung'unika kwa sauti ya kutosha kupenya mlango. Mwezi wa tatu ulipofika Orpha alikuwa anakula. Siku moja akacheka. Sifa zote zikaenda kwa Tolliver.

"Ina joto, wifi," aliniambia. "Inashuka mpaka vidoleni."

Ilikuwa na joto kweli. Sisi tulikuwa Wamethodisti, tumeweka sahihi mbele ya madhabahu kwamba pombe haitagusa midomo yetu mpaka kaburini. Bi Keck, mke wa mwenye duka la dawa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kina mama wa kupinga pombe. Alikunywa chupa ya Tolliver kila wiki kwa ajili ya neva zake, na Jumapili hakuna aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko yeye. Ungemwambia ile ni pombe iliyotiwa mizizi na rangi, angekupiga kwa kitabu cha nyimbo. Pombe ilikuwa kule baa kwa Wajerumani, kwenye pipa. Iliyokuwa kwenye chupa yenye picha ya daktari mwenye ndevu ilikuwa dawa, na hapo mjadala uliisha.

Mwisho wa mwezi wa tatu akaja Bwana Purdom, wakala wa kampuni, kofia mkononi na mkoba wa ngozi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka miji midogo akikusanya shuhuda za waliopona. Bwana Keck alimtuma kwetu. Tukamkaribisha kahawa na pai ya tufaha, akaila akisifia kila tonge.

"Mama, sura kama hii haifai kukaa Corvin peke yake," alimwambia Orpha. "Iko haja ionekane majimbo manne."

"Mimi sina la kusema, bwana."

"Usiseme kitu. Nimekwisha kukuandikia." Akatoa karatasi. "Wewe weka sahihi tu. Na kampuni inakupa picha kumi na mbili, za kadi nzito, kwa mpiga picha yeyote umtakaye."

Nikaona macho ya Orpha yanabadilika. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Mama yake alikuwa Kansas, anapofuka taratibu, na kila barua alikuwa akiomba amwone binti yake mara moja kabla macho hayajazima. Orpha akaivuta ile karatasi, akasoma kwa kidole, akakwama.

"Hapa panasema daktari wetu alinikatia tamaa. Daktari Lusk hakusema hivyo."

"Mama, wote huandika hivyo," Bwana Purdom akajibu akijipangusa sharubu. "Ni desturi tu ya shuhuda. Bila daktari kukata tamaa, watu watajuaje kama ulikuwa mgonjwa kweli?"

"Lakini ni uongo."

"Jina lake halimo. Limeandikwa daktari wetu tu."

"Daktari wetu ni mmoja," Orpha akasema.

Hapo nikaingilia. Nilikuwa na nguo za pasi zinaningoja. "Weka sahihi, Orpha, usitupotezee siku. Nani Corvin atasoma gazeti la dawa?"

Akaweka sahihi. Picha zilitoka nzuri. Moja ilikwenda Kansas, na mama yake akajibu kwamba ameishika dirishani asubuhi nzima na ameona ukosi wa gauni na nywele, uso umemshinda kidogo.

Mwezi wa tano gazeti letu likatoka na uso wa Orpha mkubwa kama kisahani, na juu yake maneno meusi: DAKTARI ALINIKATIA TAMAA, TOLLIVER AKANIINUA. Corvin yote ilisoma. Magazeti ya Ohio yakasoma, ya Illinois pia. Daktari Lusk alilisoma kwa kinyozi, sabuni bado iko shavuni, huku wanaume watano wakimwangalia.

"Daktari," mmoja akamwuliza, "mimi nikiugua nianze kwako, au nimwite mchimba kaburi moja kwa moja?"

Wakacheka mpaka kinyozi akaweka wembe chini. Tangu siku hiyo ilikuwa ndiyo salamu yake kila kona. Watu wa mashambani wakaanza kupita mlango wake wakienda kwa Keck. Alikuwa mzee mwenye kiburi, mjane, aliyezalisha nusu ya mji ule kwa mikono yake, na sasa nusu hiyohiyo inamcheka. Mwezi wa nne ulikuwa umeshapita na Orpha hakwenda kupimwa. Angeenda kufanya nini? Alikuwa amepona.

Delbert alipewa uwakala wa wilaya nzima. Biashara hiyo ndiyo ya kwanza iliyomshika mkono. Akapaka gari rangi ya kijani, akaandika TOLLIVER ubavuni, akamkalisha mkewe mbele. Kila penye mkutano au mnada walisimama. "Huyu hapa!" Delbert alipiga kelele. "Mguse, mama, ushike mkono wake, si picha hii!" Na wanawake wakaja kumshika mkono Orpha. Barua nazo zikaja kwa magunia, wanawake wa mbali wanauliza kama ni kweli. Nilizijibu mimi, maana mwandiko wangu ni mzuri. Niliandika kwamba ni kweli.

Mwezi wa saba, tunamenya njegere barazani, Orpha akaniambia bila kuinua uso, "Wifi, imerudi."

"Imerudi nini?"

"Ile."

"Haiwezi kurudi. Iko gazetini."

"Damu haijui kusoma, wifi."

Ni maneno pekee makali niliyowahi kumsikia akisema, na nilikasirika. Nikamwambia basi anywe dawa. Akasema anakunywa. Nikamwambia basi anywe na kulala kama mwanzo. Akasema amejaribu kulala jana, Delbert akamwamsha, kwa sababu kuna watu wametoka shamba la Hoskins kumtazama, na watu waliopona hawalali mchana. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yake. Mwili ulikuwa unazama na hakuwa na ruhusa ya kusema maji ni mengi.

Mwezi wa nane akaniomba nimsindikize kwa Daktari Lusk. Alipanda ngazi zake tatu kwa kupumzika kila ngazi. Daktari hakuinuka kitini. Alimwangalia kwa muda mrefu, na mimi naapa aliona kila kitu, rangi yake, mkono ulioshika tumbo, yote.

"Bi Stroud. Umekuja kufanya nini? Mimi nilishakukatia tamaa. Imeandikwa gazetini."

"Daktari, nisamehe. Sikuandika mimi."

"Sahihi ni ya nani?"

Orpha akashika ukingo wa meza.

"Miaka thelathini na moja," daktari akasema. "Miaka thelathini na moja naamshwa kwenye theluji kwa ajili ya watu hawa. Wewe umeniuza kwa picha kumi na mbili."

Orpha akaanza kulia, kulia kwa mtu asiye na nguvu, machozi yanashuka uso haujikunji. Yule mzee akageukia dirisha. Nilidhani atalegea, na kidogo alilegea.

"Kanusha," akasema. "Sema hadharani kwamba hukupona na kwamba mimi sikusema vile. Siku nitakayolisikia, nitakupima siku hiyohiyo, na kesho yake tunapanda treni wote wawili kwenda Indianapolis. Bado nafasi ipo, lakini si kubwa. Usiniletee barua ya siri. Hadharani nilichekwa, hadharani nitetewe."

Wapo wanaomlaumu daktari huyo kuliko wote. Waacheni. Mimi nilimwona akimshika Orpha kiwiko kumshusha zile ngazi tatu.

Tukaenda kwa mhariri wa gazeti, Bwana Grubb. Orpha alikuwa ameandika mistari minne. Bwana Grubb akaisoma, akaikunja, akamrudishia. Kisha akafungua gazeti lake la wiki ile juu ya meza na kuligeuzageuza mbele yetu: tangazo la Tolliver ukurasa wa kwanza, Tolliver wa pili, Tolliver nyuma chini ya bei za nguruwe.

"Mkataba wangu na kampuni unasema neno moja baya juu ya dawa likitoka humu, mkataba umevunjika," akasema. "Nikikuchapisha wewe leo, kesho sina gazeti. Pole sana, mama. Unaonekana mzima lakini."

Orpha akatuma ujumbe kwa daktari. Jibu likarudi kwa mdomo wa mfua nguo wake: basi iwe kanisani, Jumapili, saa ya shuhuda, mbele ya watu wote, yeye atakaa kiti cha nyuma. Daktari hakuwa ameingia kanisani tangu mkewe azikwe. Orpha akanishika mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Jumapili, wifi. Nikisimama tu dakika mbili, nitaishi."

Alinieleza mimi peke yangu. Nami nikamweleza Delbert kabla supu haijapoa.

Maonyesho ya wilaya yalikuwa Alhamisi inayofuata. Ghalani kulikuwa na makasha ya Tolliver yamefika dari, yote kayachukua kwa mkopo, nyumba ikiwa rehani. Delbert akawa mweupe kuliko mkewe.

"Akisimama huyo, tumekwisha," akasema. "Mimi, wewe, na nyumba."

"Mkataze kwenda."

"Nimkataze mke wangu kanisa? Watu watasema nini?" Akazunguka jiko mara mbili. "Na wala haumwi kiasi hicho, dada. Ni neva tu. Lusk kamtia hofu ili alipize kisasi. Baada ya maonyesho nitampeleka popote anapotaka, Mungu ni shahidi. Wewe ni mwanamke, utajua la kufanya."

Sasa nina miaka sabini na miwili, sina wa kumdanganya. Nilijua la kufanya tangu alipokuwa anazunguka jiko. Nyumba ikienda, mimi ningerudi kwa shangazi Terre Haute kumwaga vyungu vyake vya chumbani. Lakini haikuwa hilo tu. Kwa miezi minne kila aliyepita langoni aliuliza, Orpha hajambo? Nilikuwa nafua, napika, naandika barua zake, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza, Zilpha hajambo. Niliona uchungu, na uchungu ule niliulea.

Jumapili asubuhi Orpha hakuweza kufunga vifungo vya viatu. Aliniomba vijiko viwili vya dawa vimpe nguvu ya kufika. Nikampa kikombe. Nilichanganya na maji ya moto na sukari nyingi, akanywa kama mtoto. Nikampa cha pili. Cha tatu alisita. "Si nyingi, wifi?" Nikamwambia leo anahitaji. Akanywa. Tumbo lake lilikuwa halijapata chakula tangu Ijumaa.

Tulikaa kiti cha nne. Mpaka wimbo wa pili mashavu yake yalikuwa yamewaka na macho yanang'aa, na watu walikuwa wanamgeukia na kutabasamu. Mchungaji Beemer akauliza nani ana ushuhuda. Orpha akasimama. Nyuma kabisa niliona kichwa cheupe cha Daktari Lusk kikiinuka.

"Mimi sikupona," akasema. Sauti ilitoka safi, kanisa zima lilisikia. "Naumwa. Na daktari hakunikatia tamaa. Alisema, alisema nije mwezi wa..." Akakwama hapo. Akatazama dari kama aliyesahau ameingia chumbani kufuata nini. "Mwezi wa..." akarudia, kisha akacheka, kicheko cha juu kisicho chake, akayumba, akaangukia magoti ya Bwana Keck kofia imemfunika jicho moja.

Bi Keck aliinama kumwinua, pua yake ikafika karibu na mdomo wa Orpha.

"Yesu wangu!" akapiga ukelele. "Kalewa!"

Kanisa likavuma. Mtu akasema haiwezekani, Bi Stroud hanywi kitu ila Tolliver. "Basi si Tolliver hiyo," Bi Keck akajibu. "Mimi nainywa miaka sita, mmeshaniona nimelewa?" Hakuna aliyethubutu kujibu. Na hapo, nawaambieni, ndipo hesabu yao yote ikakaa sawa. Dawa haileweshi. Orpha amelewa. Basi Orpha anakunywa wiski kwa siri, na ndiyo maana anayumba, ndiyo maana amepauka, ndiyo maana anaikana dawa iliyomwokoa. Niliziona nyuso zikipata nafuu moja baada ya nyingine.

Delbert alisimama, mikono imeshika kiti cha mbele. "Ndugu zangu, nimeificha aibu hii muda mrefu," akasema, na machozi yalimtoka kweli. Nadhani wakati ule alikuwa amekwisha kuyaamini maneno yake mwenyewe.

Mchungaji Beemer akanigeukia mimi. Alikuwa mtu mwema, alitaka kuwa na hakika. "Dada Zilpha, wewe unaishi naye. Ni kweli anakunywa?"

Orpha alikuwa chini amekaa, ameegemea mguu wa kiti, ananitazama. Jibu lilikuwa fupi: kitu pekee alichokunywa ni Tolliver, na aliyemnywesha ni mimi. Lilinifika ulimini.

"Ni kweli, Mchungaji," nikasema. "Huwa naziona chupa."

"Shahidi wako huyo, daktari!" mtu akapaza sauti kutoka upande wa wanaume, na kicheko kikapita viti vyote mpaka nyuma. Daktari Lusk akachukua kofia yake, akatoka. Mlango ulibaki wazi nyuma yake.

Wakamrudisha nyumbani kwa gari la kijani. Kina mama wakapanga zamu ya kumkesha ili wiski imtoke, wakafunga chumba, wakaondoa chupa zote, wakamwombea kwa sauti kubwa. Aliwaambia anavuja damu. Wakamwambia atubu kwanza. Delbert alikwenda maonyesho peke yake na aliuza kuliko siku zote, maana habari zilikuwa zimetangulia, na kila mtu alitaka dawa iliyomwinua mwanamke yule kabla ulevi haujamwangusha tena.

Siku ya nane nilibadilisha shuka na nikaona kilichokuwa kwenye godoro. Nikaenda kwa Daktari Lusk mbio, bila kofia. Alikuja. Alimpima Orpha kwa upole ambao sijauona kwa mwanaume mwingine, akamfunika, akanawa mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Kile kitu kingetoka mwezi wa nne," akasema. "Hata mwezi wa nane ningejaribu." Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Asubuhi ile alikunywa nini?"

"Tolliver. Vikombe vitatu."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

Nilidhani Orpha amelala. Alifungua macho, akanitazama bila hasira, na afadhali angenitukana.

"Ulitia sukari," akasema. "Nilijua ni nyingi, wifi. Lakini hujawahi kunitilia sukari kwenye kitu. Nikadhani siku ile umenipenda."

Nilikaa kando ya kitanda chake nimeshika shuka, naye alikufa kesho yake mchana, saa ile ambayo zamani alikuwa akienda kulisha kuku. Nilimlilia. Nililia vibaya, na haikumsaidia mtu.

Delbert alinikuta nimemaliza kumwosha. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, amezeeka ghafla, na kwa kitambo nikadhani amekuja kuomba msamaha.

"Dada, watu wa wilaya nzima watakuja kumtazama," akasema. "Asilazwe vile, mweupe vile. Itasemwaje?"

Nilikwenda jikoni nikaponda bitiruti, vile viazi vyenye maji mekundu, nikachanganya maji yake na mafuta kidogo ya nguruwe, nikampaka wifi yangu mashavu na midomo. Nilimpaka vizuri, kidogokidogo, mpaka akawa na rangi ambayo hakuwahi kuwa nayo siku moja ya maisha yake. Watu walipanga mstari kuanzia langoni. Bi Keck alisimama kando ya jeneza akimtazama, akatikisa kichwa.

"Maskini," akasema. "Wiski imemuua, lakini tazama ile damu mashavuni. Kafa na afya yake."

Waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwamba ni kweli. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa, vidole bado vyekundu, nimevificha ndani ya aproni. Nikamshukuru Bi Keck kwa kuja, nikamwambia apite ndani, kahawa iko tayari.